"Mjomba, Mimi Ndiye Dhambi ya Mama?"

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mume na baba wa watoto watatu, nina umri wa miaka 42, na kwa miaka 16 nimekuwa karani katika mahakama ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Tangu mwaka jana mimi pia ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Nakuandikia kwa sababu kazi hizi mbili zimegongana ndani yangu, na sijui tena nisimame wapi.

Miaka 11 iliyopita mdogo wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 19, alipata ujauzito kabla ya ndoa. Baraza la wazee lilimtenga, na alipokwisha kujifungua akatakiwa kusimama mbele ya usharika wote na kutubu ili arudishwe kundini. Alisimama, mtoto akiwa mgongoni. Kijana aliyempa ujauzito alikuwa mwanakwaya, mwimbaji wa besi, na Jumapili ile ile aliimba kama kawaida, kwa kuwa alikana na wazee wakasema hakuna ushahidi. Mimi pia nilikuwa kwenye benchi la kwaya, na nilikitazama kitabu cha nyimbo mpaka mambo yale yakaisha. Tangu siku hiyo mdogo wangu hajakanyaga kanisani.

Mwezi uliopita binti yake, ambaye sasa ana miaka 10 na hajabatizwa, alikuja kwangu likizo. Jioni moja tulikuwa uani tunachambua maharage, akaniuliza bila kuinua macho: "Mjomba, mimi ndiye dhambi ya mama?" Alikuwa ameyasikia kwa watoto wenzake. Nilimjibu hapana, lakini aliponiuliza kwa nini, nilikosa la kusema. Nilifundishwa kwamba dhambi ni kuvunja sheria ya Mungu. Sheria ilivunjwa, na yeye ndiye kilichotokana na kuvunjwa huko.

Mahakamani kwetu hakuna kosa bila kifungu. Nikifungua jalada la wizi, lazima liwe na kifungu cha 258 na cha 265 cha Kanuni ya Adhabu. Pasipo kifungu mtu huenda zake nyumbani. Mtume Paulo naye anasema katika Warumi 4:15, "pasipokuwapo sheria, hapana kosa." Basi nauliza: kama Mungu asingetoa sheria, si tusingekuwa na dhambi? Kwa nini aliitoa, ikiwa alijua tutaivunja? Je, jambo ni baya kwa sababu amelikataza, au amelikataza kwa sababu ni baya? Na ikiwa yeye yuko juu ya sheria, kwa nini asisamehe tu na shauri likaisha?

Ningeyaacha maswali haya yalale, ila baada ya majuma mawili baraza letu litakaa juu ya binti mwingine, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, naye ni mjamzito. Nikipinga asitengwe, nitaonekana natetea uasherati. Nikiunga mkono, nitamwona mdogo wangu amesimama pale mbele kwa mara ya pili. Naomba unishauri.

Karani, Nyanda za Juu Kusini

*

Ndugu yangu Karani,

Naanza na mtoto, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza swali zito kuliko yote uliyoniandikia. Jibu ulilompa ni sahihi, na unapaswa kumrudia tena ukiwa na sababu mkononi. Dhambi si kitu kinachozaliwa, kikapewa jina na kupelekwa shule. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa swali lenyewe (Yohana 9:3). Mwambie mpwa wako kwamba katika yote yaliyotokea mwaka ule, kuzaliwa kwake ndilo jambo ambalo hakuna mtu yeyote anayepaswa kulitubu.

Sasa nije kwenye mafundisho uliyopewa, ambayo mimi mwenyewe niliyafundisha kwa miaka mingi katika madarasa ya kipaimara. Tulisema dhambi ni kuvunja sheria, na hatukudanganya, lakini tulianzia katikati ya maelezo. Lugha yetu yenyewe ingeweza kutusaidia kama tungeisikiliza. Kuna kuvunja, na kuna kukosea. Mtu huvunja sheria, huvunja kanuni, huvunja mkataba. Hivi vyote ni vitu. Lakini mtu humkosea mtu. Huwezi kusema "nimekosea" kwa maana hii bila masikio yanayokusikia kungoja jina: umemkosea nani? Wakatoliki husali, "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," na katika sala hiyo fupi kila kosa lina mtu upande wa pili.

Neno la Kiebrania ambalo Biblia yetu hulitafsiri kuwa kutenda dhambi lina asili ya namna hiyo hiyo. Katika Waamuzi 20:16 linatumika bila dini yoyote ndani yake, kwa habari ya watu 700 wa Benyamini, wenye kutumia mkono wa kushoto, walioweza kutupa jiwe kwa teo, yaani kombeo, wakalenga unywele wala wasikose. Kukosa huko, yaani jiwe kupita pembeni ya lile lililolengwa, ndiko kulikofanywa kuwa neno la dhambi. Nasi tunasema vivyo hivyo: nimekukosa, nimekukosea. Ulikuwa hapo wa kupendwa, wa kuheshimiwa, wa kuambiwa kweli, nami nikapita pembeni.

Wewe unayafahamu haya kutokana na majalada yako kuliko ninavyoyafahamu mimi. Mtu ameibiwa mbuzi wake wawili. Jalada likifika mezani kwako limeandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani, na yule mwenye mbuzi, aliyelala njaa, amekuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka. Mlalamikaji ni Jamhuri. Yeye ni shahidi tu wa maumivu yake mwenyewe. Kwa mahakama huo ni utaratibu mzuri, maana unazuia watu wasilipizane kisasi. Lakini tulipouchukua na kuuingiza kanisani tulifanya jambo la hatari sana: tulifundisha kwamba katika dhambi anayekosewa ni sheria, na waliojeruhiwa wakatoweka katika maelezo yetu. Ndiyo maana wazee wale waliweza kutazama kifungu kilichovunjwa wasimwone msichana wa miaka 19 aliyekanwa na mwanamume aliyekuwa naye. Kumkana yeye na mtoto wake ilikuwa dhambi pia, na pengine ndiyo iliyokuwa nzito zaidi siku ile, lakini haikuwa na kifungu katika daftari la baraza.

Unauliza kama dhambi ingekuwepo bila sheria. Fungua Mwanzo 4. Neno "dhambi" linatajwa hapo kwa mara ya kwanza katika Biblia, zamani za Kaini, vizazi vingi kabla ya Musa na mbao za mawe. Mungu hamsomei Kaini amri, kwa kuwa hakuna amri iliyokwisha kuandikwa. Anamwambia kwamba dhambi inamwotea mlangoni, kama chui anayesubiri nje ya zizi. Na Kaini anapomwua ndugu yake, kinachomshtaki ni damu inayolia kutoka katika ardhi. Mlalamikaji ni Habili. Tena, Mungu anapomhukumu Kaini, anamtia pia alama ili mtu yeyote atakayemwona asimwue. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanishangaza.

Basi Paulo anasema nini katika Warumi 4:15? Neno alilotumia hapo, ambalo limetafsiriwa "kosa", kwa Kigiriki lina maana ya kuvuka mpaka. Pasipochorwa mpaka hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuuvuka, na hilo mahakama yako inalijua. Lakini sura moja tu mbele, katika 5:13, Paulo yule yule anasema kwamba kabla ya sheria dhambi ilikuwamo ulimwenguni, na anaendelea kusema mauti ilitawala tangu Adamu mpaka Musa. Wewe umesafiri katika barabara zetu za milimani. Dereva akikuta matawi mabichi yametandazwa kwenye lami karibu na kona, hupunguza mwendo, kwa kuwa anajua mbele kuna lori lililoharibika. Matawi hayakuliharibu lori, na aliyeyakata hakuyaweka ili apate sababu ya kumkamata dereva. Aliyapanga pale kwa sababu lori lilikuwepo, na kwa sababu hakutaka mtu afe. Ndivyo ninavyoielewa sheria ya Mungu, na ndiyo sababu naamini aliitoa hata akijua kwamba wengi tutapita juu ya matawi kwa kasi ile ile.

Swali lako la kama jambo ni baya kwa kuwa limekatazwa, au limekatazwa kwa kuwa ni baya, ni la zamani sana, na watu wenye akili kubwa wamelihangaikia. Nakuomba ulipeleke kwenye Walawi 19. Sura inaanza kwa kusema tuwe watakatifu kwa kuwa Mungu ni mtakatifu, kisha utakatifu huo unaelezwa: usivune pembe za shamba lako, umwachie maskini na mgeni, ujira wa kibarua usilale kwako hata asubuhi, usimlaani kiziwi, wala usitie kikwazo mbele ya kipofu. Angalia jinsi kila amri ilivyo na uso nyuma yake. Mungu hakuokota kanuni nje yake akaja kutusomea, wala hakubuni makatazo kwa kupenda kuamuru. Amri hizi zinaonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyo kwa kiziwi, kwa kipofu na kwa kibarua, na anataka tuwe hivyo pamoja naye. Anayemtegea kipofu amemkosea kipofu, na amemkosea Mungu ampendaye kipofu yule.

Liko jambo jingine ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa mtu mzima katika huduma. Watu wetu wengi wamejifunza Amri Kumi kwa kuzikariri katika Katekisimu Ndogo, kitabu cha mafundisho cha mwanamatengenezo Martin Luther cha mwaka 1529, nami nawashukuru walionifundisha hivyo. Lakini amri zilivyoandikwa katika katekisimu ile zimeacha nusu ya sentensi ya kwanza ya Kutoka 20: "niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Wayahudi huihesabu sentensi hiyo kuwa neno la kwanza kati ya yale kumi, na wana sababu. Watu wametolewa utumwani katika sura ya 12 hadi ya 14. Sheria inakuja katika sura ya 20. Hawakuambiwa kule Misri, "Shikeni hizi kwanza, kisha nitawatoa." Walitolewa, wakavushwa bahari, wakalishwa mana, na ndipo wakafundishwa jinsi watu huru wanavyoishi bila kufanyana watumwa wao kwa wao. Sisi tulifundisha watoto amri bila Misri, na mtoto anayezipokea amri bila Misri humjua Mungu kama mtu wa daftari.

Picha hii ya mahakama haikutoka hewani. Imo katika Maandiko, lakini huko inakaa pamoja na picha nyingine: ya baba na mwana, ya mchungaji, ya tabibu, ya mwenye deni. Katika Ulaya ya magharibi ndipo ilipokua mpaka ikazifunika nyingine. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu mwaka 1098 ambamo dhambi ni kumnyima Mungu heshima anayostahili, nacho kinaeleweka vizuri katika nchi ya mabwana na watu waliofungwa kwao kwa kiapo. Luther alianza masomo ya sheria huko Erfurt, Ujerumani, mwaka 1505 kabla hajawa mtawa. Calvin, mwanamatengenezo mwingine, alisomea sheria huko Ufaransa, katika Orléans na Bourges. Kwa hiyo wamisionari wa Kijerumani wa Misioni ya Berlin walipofika nyanda zenu mwaka 1891, injili waliyoileta, tunayoishukuru mpaka leo, ilikuja ikiwa na harufu ya mahakama. Sisemi tuitupe. Nasema isikae peke yake mezani.

Maana hata ukiichukua hadi mwisho, inavunjika. Hakimu wako akigundua kwamba aliyeibiwa ni yeye mwenyewe, hujitoa katika shauri, kwa sababu aliyeumizwa hawezi kuhukumu. Mungu hajitoi. Katika Hosea 11 anasema kama mzazi aliyekesha: "Nikuacheje, Ee Efraimu?" Yeye ndiye aliyekosewa, ndiye mwenye kuhukumu, na katika Kristo ndiye anayebeba gharama. Hapo ndipo penye jibu la kwa nini hasamehi "tu". Ukisamehe mtu aliyevunja taratibu za ofisi, unafunga jalada. Ukimsamehe aliyekuumiza, maumivu hayaendi popote. Unayabeba wewe badala ya kumrudishia. Mimi msalaba nauelewa hivyo, na ninapouhubiri sauti hunitetemeka bado.

Wazee wenzako watakujia na 1 Yohana 3:4, "dhambi ni uasi." Wajibu kwa upole kwamba andiko ni la kweli, na uwaombe wasome mpaka mstari wa 17. Mfano wa uasi anaoutoa Yohana ni Kaini aliyemwua ndugu yake, na kisha mtu mwenye riziki ya dunia anayemwona ndugu yake ni mhitaji akamzuilia huruma zake. Wako pia vijana watakaokuunga mkono kwa sababu mbaya, wakisema tuko chini ya neema na kwa hiyo amri zimekwisha. Kwa hao Paulo alikuwa na neno moja, "Hasha!" Mwili wa binti si kitu cha kuchezewa, ahadi si upepo, na mtoto anahitaji baba. Nikiwa na binti zangu siwezi kuzungumza kana kwamba uasherati haumjeruhi mtu. Ninachokataa ni kujeruhi mara ya pili na kukuita huko kujeruhi toba.

Kuhusu kikao chenu, nakushauri usisubiri siku ya kura. Mwendee mchungaji wako wiki hii, peke yako, umweleze yaliyompata mdogo wako. Mwombe kwamba kabla baraza halijakaa, watu wawili wamtembelee binti huyo nyumbani, mmoja wao awe mama mtu mzima anayeaminika, na waulize mambo ambayo hakuna jalada linalouliza: anakula nini, anahudhuria kliniki, wazazi wanasemaje, je, alilazimishwa. Hilo la mwisho lisirukwe kwa aibu, maana likiwa hivyo, yeye ndiye aliyekosewa, na mnalo jambo la kupeleka polisi badala ya baraza. Kisha, katika kikao, omba jina la mwanamume liitwe pamoja na lake. Torati yenyewe, katika Walawi 20:10, ilitaka wazinzi wote wawili, mwanamume na mwanamke, na waliomleta yule mwanamke mbele ya Yesu katika Yohana 8 walimleta mmoja. Waulize wazee, bila kupandisha sauti, mwingine yuko wapi. Toba kanisani ipo na inapaswa kuwepo, lakini mtu hutubu mbele ya aliowakosea. Usharika mzima haukukosewa na ujauzito.

Inawezekana ukashindwa kura. Ukishindwa, usijiuzulu siku hiyo kwa hasira. Jumapili atakayosimamishwa, toka kwenye viti vya wazee ukakae kwenye benchi la mbele karibu naye, wewe na mkeo, na mumshike mtoto akilia.

Ubatizo wa mpwa wako usiufanyie haraka, wala usiupange na wazee kabla hujapata neno la mama yake. Nenda kwa mdogo wako kwanza. Umeandika ukurasa mzima juu ya sheria na dhambi, na katikati yake kuna sentensi moja juu ya kitabu cha nyimbo. Hakuna kifungu kinachokataza mwanakwaya kutazama kitabu chake, na bado umeikumbuka siku hiyo kwa miaka 11. Usimpelekee hoja zangu, wala usimpelekee mwaliko wa ibada. Mwambie ulikuwa umekaa wapi, ulikuwa unatazama nini, na kwamba ulimsikia. Halafu unyamaze, umwache aseme kwa muda wowote atakaohitaji, hata kama atakalolisema ni kukuomba uondoke na urudi siku nyingine.

Mshauri